Cheche Kidoleni: Jinsi Umeme Tuli Unavyokifikia Kifaa cha Kutyuni Piano

Umeinuka kidogo kwenye benchi. Mkono wa kulia umeshika spana ya kutyunia, iliyovikwa juu ya pini inayokaza uzi wa piano, na mkono wa kushoto unanyoosha kidole kukibonyeza kifaa cha kupimia noti kihamie noti inayofuata. Kidole hakijafika bado, inasikika tak! Kitone cha mwanga wa buluu, maumivu kama ya kuchomwa sindano, na kioo cha kifaa kinaganda. Zile taa zilizokuwa zikizunguka polepole kukuonyesha kwamba uzi umekaribia kukaa mahali pake zimesimama kabisa. Kuna siku kifaa kitajizima na kuwaka upya chenyewe. Kuna siku hakitawaka.

Jambo hili humkuta fundi yeyote anayefanya kazi kwenye chumba chenye hewa kavu, awe anatumia mashine iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, kama Sanderson Accu-Tuner au Verituner, au programu kama TuneLab na CyberTuner ndani ya simu au kompyuta. Na ushauri anaopewa karibu kila mara ni uleule: gusa chuma kwanza. Ushauri wenyewe si mbaya, ila umeachwa nusu. Chuma kipi? Uguse kwa kidole au kwa kitu? Na mbona aliyegusa chuma kwanza anapigwa tena baada ya dakika 5?

Jibu la maswali yote matatu linatoka kwenye jambo moja ambalo ni rahisi kulisahau ukiwa na haraka: cheche haitokani na chaji nyingi. Cheche inatokana na tofauti. Ndege hutua kwenye waya wa umeme mkubwa na asidhurike kwa sababu mwili wake wote uko kwenye kiwango kilekile cha volti na waya. Fundi, piano na kifaa wakiwa kwenye kiwango kimoja, hata kiwe cha juu namna gani, hapana kitakachoruka kati yao. Shida huanza pale mmoja wao anapoachana na wenzake, na kazi ya kutyuni, kwa jinsi inavyofanywa, humwachanisha fundi na wenzake kila baada ya muda mfupi.

Benchi, zulia na soli

Vitu viwili vya aina tofauti vikigusana kisha vikaachana, kimoja huondoka na elektroni za mwenzake. Tumezoea kusema umeme tuli unatokana na kusugua, lakini kusugua huongeza tu idadi ya mahali vitu hivyo vinapogusana. Chanzo hasa ni kule kugusana na kuachana. Soli ya mpira inaachana na zulia la nailoni katika kila hatua. Suruali ya poliesta inaachana na ngozi ya bandia ya benchi kila unapoinuka. Kitambaa kikavu kinaachana na vitufe vya plastiki unapopangusa vumbi kabla ya kuanza kazi.

Kuinuka kwenye benchi kunahitaji kutazamwa peke yake, kwa sababu ndiko kunakowapiga mafundi wengi bila wao kujua sababu. Mwili wa mtu huhifadhi chaji kama kapasita ndogo, yaani kihifadhi chaji, ya takriban pikofaradi 100 (kipimo cha uwezo wa kubeba chaji). Ukiwa umekaa, mwili uko karibu sana na benchi, uwezo wake wa kubeba chaji ni mkubwa zaidi, na chaji iliyoko kwenye nguo inazimwa na chaji ya kinyume iliyobaki kwenye kiti. Husikii chochote. Ukiinuka, chaji yako haijaongezeka, ila uwezo wa kuibeba umeshuka ghafla na ile chaji ya kinyume umeiacha nyuma kwenye kiti. Volti zinapanda wakati huohuo. Kwenye majedwali yanayotumika sana viwandani, kuinuka kwenye kiti chenye sponji hufikisha mwili volti 18,000 hewa ikiwa kavu, yaani unyevu wa asilimia 10 hadi 20. Kutembea kwenye zulia katika hewa hiyohiyo kunaweza kufikia 35,000. Unyevu ukiwa asilimia 65 au zaidi, vitendo hivyo viwili hutoa takriban 1,500 tu.

Hizo 1,500 hutazisikia kabisa. Mtu huanza kuhisi cheche kwenye volti 3,000 hivi. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu baadhi ya vipande vidogo vya kielektroniki, vikiwa wazi bila kinga, huharibika kwa volti 100 au chini ya hapo. Kifaa kilichokamilika huwa na kinga kwenye soketi na vitufe vyake, kwa hiyo hakifi kirahisi hivyo. Lakini ukae ukijua kwamba kidole kusalimika si ushahidi kwamba kifaa nacho kimesalimika.

Nguvu iliyomo ndani ya cheche ni ndogo mno. Mwili wenye pikofaradi 100 kwenye volti 10,000 unabeba nishati ya milijuli 5, ambayo haitoshi kupasha moto hata tone la maji. Ubaya wake ni kasi. Nishati hiyo hutoka ndani ya muda mfupi kuliko mtu anavyoweza kuufikiria, mkondo ukipanda hadi kileleni kwa chini ya nanosekunde 1 (sehemu 1 ya bilioni ya sekunde) na kufikia ampea kadhaa. Mkondo wa kasi ya namna hiyo haufuati nyaya peke yake. Huruka kwenye mapengo, hupita kwenye kapasita, na huamsha umeme ndani ya nyaya za jirani ambazo haukuzigusa.

Piano nayo hubeba chaji

Watu huiona piano kama fanicha ya mbao yenye nyuzi. Kwa umeme, piano ni kipande kimoja kikubwa cha chuma kilichoinuliwa juu ya mbao.

Fuata uzi mmoja uone. Pini imepigwa ndani ya ubao mgumu, na mbao haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo ungedhani kila pini iko peke yake. Lakini uzi umezungushwa kwenye pini hiyo, umepita kwenye ukingo wa chuma au kijitundu cha shaba, umevuka daraja la mbao na kwenda kushikwa na kijiti cha chuma kilichopandwa kwenye bamba. Bamba hilo la chuma cha kusubu ndilo linalobeba mvutano wa nyuzi zote, ambazo kwenye piano nyingi ni kama 230. Maana yake ni kwamba pini zote, nyuzi zote na bamba zima ni kitu kimoja kwa umeme. Ukigusa pini ya noti ya chini kabisa, umegusa na ya noti ya juu kabisa.

Na kipande hicho hakijaunganishwa na ardhi. Kimekaa juu ya fremu ya mbao, mbao iko juu ya miguu, miguu iko juu ya magurudumu, na mara nyingi magurudumu yamewekwa juu ya vikombe vya plastiki ili zulia lisikunjamane. Kwa hiyo ule usemi wa kugusa chuma kwanza, ukidhani unautuma umeme ardhini, kwenye piano si kweli. Unaugawa. Uwezo wa bamba kubeba chaji hauko mbali sana na wa mwili wako. Tuseme viko sawasawa, nawe umeinuka na volti 8,000: ukigusa pini utabaki na kama 4,000, na piano nayo itakuwa na 4,000. Mko sawa, cheche imekwisha kati yenu, lakini nyote wawili bado mna volti za juu kuliko kitu chochote kilichoungana na ardhi.

Chaji hiyo itavuja polepole kupitia mbao, na kwenye hewa yenye unyevu wa kawaida huvuja upesi kiasi kwamba hutajua ilikuwapo. Kwenye hewa kavu, juu ya vikombe vya plastiki, inakaa. Nina hakika visa vingi vinavyosimuliwa kwamba kifaa kilizima chenyewe bila kuguswa vina maelezo yake hapa. Fundi aligusa pini kwa spana, akaijaza piano chaji, na piano ikaisukuma kwenye kifaa kilichokuwa kimelala juu yake.

Pale chaji inapoingilia

Hatari ya cheche haitegemei tu inakoingia. Inategemea zaidi ina njia gani ya kutoka ikishaingia. Kifaa kinachofanya kazi kwa betri, kikiwa juu ya kitambaa, ni kidogo na kinaelea. Chaji inayoweza kuhamia kwake ni kidogo kwa sababu hakina pa kuipeleka. Pigo la mwanzo bado ni kali, lakini linaisha haraka.

Chomeka chaja, mambo yanabadilika. Sasa kifaa kina njia ya kutokea. Chaja nyingi za simu hazina pini ya ethi, yaani ya kuunganisha na ardhi, na hilo huwapa watu imani kwamba kifaa kimetengwa na umeme wa ukutani. Ndani ya chaja nyingi za aina hiyo kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa kifaa, iliyowekwa kupunguza kelele za umeme. Kwa umeme wa kawaida wa nyumbani kapasita hiyo hupitisha kidogo sana. Kwa mpigo wa nanosekunde ni kama mlango ulioachwa wazi. Kwa hiyo cheche inayoingia kwenye kioo cha simu inayochajiwa ina safari ndefu na nono: kioo, saketi, waya wa chaja, ukuta. Ndiyo sababu ushauri wangu wa kwanza kabisa, kabla hata ya mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli nitakaoueleza mbele, ni kuchaji kifaa usiku na kutyuni kwa betri.

Mlango wa pili ni maikrofoni ya nje. Fundi anayetaka kusikia noti za juu vizuri huchomeka maikrofoni ndogo na kuisogeza karibu na nyuzi. Waya wake unaingia moja kwa moja kwenye sehemu nyeti kuliko zote za kifaa, kwa sababu sehemu hiyo imetengenezwa ipokee mawimbi ya volti ndogo sana. Ukishika ncha ya plagi kwa vidole wakati wa kuchomeka, mwili wako wote unajimwagia hapo. Shika plagi kwenye ganda lake la plastiki, na kabla ya kuichomeka gusa kwa mkono mwingine sehemu ya chuma ya kifaa, kama ipo.

Kuna tena kinasa mtikisiko, kile kinachobanwa kwenye bamba ili kusikia piano na si kelele za chumba. Nakipenda sana kwenye ukumbi wenye watu, ila kina tabia moja ya kuangaliwa. Kwenye baadhi ya vinasa, kibanio cha chuma kimeungana na ganda la waya, na ganda hilo limeungana na upande hasi wa kifaa. Ukikibana kwenye chuma kitupu, umeiunganisha piano nzima na kifaa chako. Kuanzia hapo kila mara spana inapogusa pini, mwili wako unamwaga chaji kwenye kifaa kupitia nyuzi na bamba, hata kama hujakikaribia. Ukiweka kipande chembamba cha karatasi ngumu kati ya kibanio na chuma, mtikisiko utapita vizuri na njia rahisi ya umeme itakuwa imekatwa. Karatasi haitazuia volti nyingi mno, ila huzuia ule mtiririko wa kila mara wa chaji ndogondogo.

Je, vipimo vinapotoka?

Hili ndilo swali linalomnyima fundi usingizi, na ninalielewa. Kifaa kikizima, utajua. Kikiendelea kuwaka huku kinasoma vibaya, utatyuni noti 88 kwa makosa na kuondoka.

Hofu hiyo ni kubwa kuliko inavyostahili. Kifaa hupima noti kwa kulinganisha na saa yake ya ndani, na saa hiyo ni kipande cha kwatzi kinachotetema. Senti 1, yaani sehemu 1 kati ya 100 za nusu toni, ni kama hezi 0.25 kwenye noti ya A4 ya hezi 440, au tuseme takriban sehemu 578 kati ya milioni. Kwatzi ya kawaida hukosea kwa makumi ya sehemu tu kati ya milioni, na cheche haina namna ya kuisogeza senti 2 au 3 kimyakimya. Ama inatetema kama kawaida, ama saketi imesimama. Kwa upande wa saa yenyewe, basi, tulia.

Kinachopotea ni mipangilio. Kifaa kilichozima na kuwaka kinaweza kurudi kwenye hali yake ya kiwandani. Ulikuwa umepandisha A4 hadi 442 ili piano ilingane na ala nyingine, sasa kiko 440. Ulikuwa umepima nyuzi za piano hii na kutengeneza mkunjo wake wa kunyoosha oktava, yaani kiasi ambacho oktava zake hupanuliwa kidogo ili zisikike sawa, sasa unatumika wa piano ya wastani. Tofauti hiyo haipigi kelele, na macho yanayotazama taa zinazozunguka hayawezi kuiona. Kwa hiyo baada ya kila pigo lililogandisha kifaa, hata kama kimerudi kikiwa kizima, rudia noti 3 au 4 ambazo ulikwishazimaliza. Zikisoma kama ulivyoziacha, endelea.

Kama huna imani, toa uma wa sauti mkobani, kile chuma chenye meno mawili kinachotoa noti moja. Hauna betri, hauna saketi, na hakuna cheche itakayoubadilisha. Ukumbuke tu kwamba uma wa chuma cha pua au chuma cha kawaida hushuka karibu senti 2 kwa kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka, kwa hiyo usiutoe kwenye gari lenye baridi ukautumia papo hapo, wala usiukumbatie kiganjani mpaka upate joto.

Kuna njia moja ambayo umeme tuli hudanganya macho kweli, na inatokea kwenye vifaa vya bei nafuu na vya zamani. Vifaa vyenye mshale vina dirisha la plastiki mbele. Lipanguse kwa kitambaa kikavu, plastiki itabeba chaji, na mshale mwepesi uliopo nyuma yake utavutwa na kukaa pembeni, au utasita kurudi kwenye sifuri. Unaweza kukaza uzi ukiufuata mshale unaoshikiliwa na dirisha. Jaribio lake ni jepesi: peleka kidole karibu na dirisha bila kuligusa. Mshale ukisogea kukifuata kidole, tatizo si uzi. Pumulia dirisha pumzi ya joto mara 2 au 3, au lipanguse kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yenye tone la sabuni ya vyombo, mshale utaachiliwa. Vioo vya LCD vya vifaa vidogo navyo huugua ugonjwa wa jamaa huohuo. Ukibandua karatasi ya plastiki inayolinda kioo, au ukikisugua kwa sweta, vipande vya tarakimu ambavyo havikupaswa kuonekana huingia weusi. Ukiona namba isiyosomeka au mistari isiyo na maana, subiri ififie kabla ya kuamini chochote.

Halafu kuna kelele. Nguo ya poliesta ikijisugua kwenye waya wa maikrofoni, au waya wenyewe ukikunjwakunjwa hewa ikiwa kavu, tabaka za ndani ya waya hugusana na kuachana kama soli na zulia, na kifaa husikia mikwaruzo. Taa huruka huku na huku. Ulaze waya utulie, taa zitatulia.

Kukaa kiwango kimoja

Sasa turudi kwenye lile la kugusa chuma. Usiguse bamba kwa sababu tu ni kubwa na liko mbele yako. Bamba limepakwa rangi, mara nyingi ya dhahabu, na rangi ni kihami, haipitishi umeme. Volti nyingi zitaitoboa, chache zitabaki kwako. Usiguse nyuzi kwa vidole pia. Jasho lina chumvi, na chumvi itauacha uzi na kutu ambayo utaiona ukirudi mwaka unaofuata. Gusa pini, na uiguse kwa spana, kwani ndiyo kazi yake. Hapa kuna kitu kidogo cha kuzingatia. Mpini wa spana ni wa mbao au plastiki, na mkono ulioshika mpini haujaungana vizuri na chuma. Sogeza kidole kimoja mbele hadi kwenye shina la chuma, likamate kwa nguvu, kisha vika kichwa cha spana kwenye pini. Mkondo utapita kwenye eneo pana la ngozi badala ya nukta moja, na hutasikia maumivu. Nilipoanza kufanya hivi, niliacha kabisa kushtuka ninapoinuka, na mkono usioshtuka hautikisi pini iliyokwisha kukaa.

Zoea mpangilio huu: kila unapoinuka, unapopiga magoti kutazama pedali, au unaporudi kutoka upande wa pili wa chumba, shina la spana kwanza, kifaa baadaye. Kidole kisifike kwenye kioo kabla ya spana kufika kwenye pini.

Kwa mwenye kazi nyingi majira ya ukavu, mkanda wa mkononi unaotumiwa na mafundi wa kompyuta unafaa kuliko chochote. Bana klipu yake kwenye pini iliyo mbali na unapofanyia kazi. Ndani ya waya wake kuna kizuizi cha mkondo cha megaomu 1 (omu milioni 1), na hicho ndicho kinachoufanya mkanda uwe mkanda. Cheche ya volti 10,000 kutoka kwenye ngozi huwa na ampea kadhaa. Volti hizohizo zikipita kwenye megaomu 1, mkondo haupiti miliampea 10, na chaji inakwisha kabla hujapepesa jicho. Kizuizi hicho pia kinakulinda wewe ikitokea kitu ulichogusa kina hitilafu ya umeme wa ukutani. Usitengeneze mkanda wako kwa kipande cha waya mtupu, na usiuchokonoe mkanda kwenye tundu la soketi ukitafuta ethi. Hauhitajiki huko. Ukiwa umefungwa kwenye pini, wewe na piano ni kitu kimoja, na kifaa cha betri kilicholazwa juu ya piano kitajiunga nanyi mara utakapokigusa.

Kukilaza wapi? Si juu ya kifuniko kinachong'aa kilichopakwa poliesta na kupanguswa muda si mrefu. Uso huo unashikilia chaji kama puto lililosuguliwa kwenye nywele. Kilaze juu ya kitambaa cha pamba au kijimkeka cha kutawanya umeme tuli. Vaa pamba. Soli za ngozi zina nafuu kuliko za mpira.

Dawa za kunyunyiza zinazozuia umeme tuli, na ule mchanganyiko wa maji na dawa ya kulainishia nguo, hufanya kazi kwenye zulia na kwenye kitambaa cha benchi. Nyunyiza mapema, mbali na piano, kifuniko kikiwa kimefungwa. Sijawahi kuona sababu ya kupuliza chochote cha majimaji karibu na nyuzi na pini.

Hewa ileile

Ukiufuata umeme tuli hadi mwanzo wake unaikuta hewa kavu, na hewa kavu ndiyo iliyokuleta kwenye piano hiyo tangu mwanzo. Hewa ya nje yenye nyuzijoto 0 iliyojaa unyevu kabisa, ikiingizwa ndani na kupashwa hadi nyuzijoto 20 bila kuongezewa maji, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 26. Ubao wa sauti, ule mwembamba unaotetema pamoja na nyuzi, unapoteza maji, unasinyaa kwa upana, mwinuko wake unapungua, madaraja hayasukumi nyuzi kama zamani, na sauti inashuka, hasa katikati ya piano. Mwenye piano anasikia imelegea na anamwita fundi. Fundi anafika siku ileile ambayo zulia, benchi na sweta lake viko tayari kumpiga cheche.

Dawa inayowafaa wote wawili ni kuuweka unyevu wa chumba kati ya asilimia 40 na 50 mwaka mzima, kwa mashine ya kuongeza unyevu au kwa mfumo unaofungwa ndani ya piano yenyewe, kama Dampp-Chaser. Kiwango hicho kinatosha utando mwembamba wa maji kukaa juu ya vitu na kuuvujisha umeme kabla haujarundikana. Lakini kuwa mwangalifu na mfumo wa ndani ya piano: unatunza ubao wa sauti na hautunzi zulia. Piano inaweza kuwa na afya njema na chumba bado kikakupiga.

Na usijaribu kulimaliza jambo asubuhi ya kazi. Kuna wanaochemsha maji chumbani au kuwasha mashine ya mvuke kwa nguvu zote saa 1 kabla ya kutyuni, ili cheche ziishe. Cheche zitapungua, ni kweli. Lakini mbao itaanza kunywa maji ukiwa katikati ya oktava, na noti ulizoanza nazo zitakuwa zimepanda utakapofika mwisho. Kifaa kitakuonyesha hivyo kwa uaminifu, nawe utadhani kimepigwa. Kama chumba ni kikavu siku hiyo, tyuni kikiwa kikavu, vaa mkanda, na mweleze mwenye piano aanze kuongeza unyevu polepole ukishaondoka, kwa siku kadhaa, kisha urudi kuikagua.

Mkobani mwangu kuna haigromita, kipimo cha unyevu wa hewa, ndogo isiyozidi kisanduku cha kiberiti. Huiweka juu ya benchi kabla sijafungua kifuniko. Ikisoma chini ya 30, chaja haitoki kwenye mkoba na mkanda unafungwa kabla ya kitu kingine chochote. Ikisoma 45, mkanda unabaki ulipo.